Jicho la Marehemu Clarrie na Dawa ya Njozi

Toowoomba,
Agosti 9

Ndugu Katibu wa Kamati ya Maadili,

Natumaini wewe na wenzako wa maabara ya macho hamjambo. Mimi ni Thelma Gosling, mjane wa Clarrie, mzee wa kanisa, aliyefariki Machi na kuwaachia macho yake kwa hati aliyoitia saini mwenyewe. Jumanne mlitualika sisi wafiwa kunywa chai. Hapo ndipo Dokta Anneke Vu, binti mpole sana, alipotueleza kwamba vipande vya jicho la mume wangu vimeloweshwa katika dawa ya kuona njozi, ili ijulikane seli zake zitatengeneza protini gani. Nilirudisha keki kwenye sahani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Clarrie alitia saini utafiti. Hakutia saini kulewa. Huyu ni mtu aliyesusa keki ya Krismasi kwa kuwa dada yangu aliidondoshea brandi, kisha akatuombea sote kwa sauti.

2. Dokta anasema ndani ya saa sita tu protini fulani ziliongezeka maradufu. Paa letu lilivuja miaka kumi na mmoja, na jibu lilikuwa, "Kesho, Thelma." Sasa anawachapia kazi watu baki, tena akiwa marehemu.

3. Protini za uvimbe nazo zilipungua. Dokta alinishika mkono akasema, "Bi Thelma, seli zake zimetulia kabisa." Miaka arobaini na mmoja mwenye kazi ya kumtuliza nilikuwa mimi.

4. Kanisani hawajui kama mzee ambaye jicho lake limelewa bado ni mzee. Wanne wanasema jicho si mtu. Watatu wamesoma Mathayo, kwamba jicho likikukosesha ling'oe. Na kwa kuwa hili limeshang'olewa, wamekwama hapo.

Kwa hiyo naomba utafiti usimamishwe, jicho lipumzishwe mpaka lilevuke, kisha nirudishiwe pamoja na barua ya kuliomba kanisa radhi. Na kama kulowesha ni lazima, chai ipo.

Nisalimie wote hapo, hata yule anayeosha vichupa.

Wako kwa huzuni na heshima,
Thelma Gosling (Bi)

Tanbihi: Dokta Vu amenipigia simu sasa hivi kunijulia hali. Tumeongea habari za Clarrie saa nzima. Naambatisha fomu yangu ya kutoa macho. Yawekeni jirani na yake, na ile dawa msinipunje.