Valvu ya Herufi za Dhahabu

Fundi Masikio aliiona kabla hata hajamaliza kuvua viatu. Juu ya meza nzito sebuleni kwa daktari wa meno, amplifaya ilikuwa imewashwa, na kati ya valvu zake za kioo ilisimama moja nene kiunoni yenye herufi za dhahabu. Valvu za herufi zile zilikoma kutengenezwa kabla mama yake hajazaliwa, na wapenzi wa santuri wangeuza gari ili wapate moja.

Yeye riziki yake ilikuwa kuwauzia valvu chakavu watu wenye pesa wasioyaamini masikio yao. Alizichomoa kwenye redio mbovu, akazisugua, akaziandika upya, kisha akazisifia mpaka mnunuzi aone aibu kusema hasikii tofauti. Siku hiyo alikuja na mbili za namna hiyo. Ila kwenye kisanduku cha bati, ndani ya pamba, alikuwa na ya tatu, ya kweli ingawa haikuwa na herufi za dhahabu, aliyoachiwa na marehemu fundi aliyemfundisha kazi. Hiyo haikuwa ya kuuza. Aliitumia kuwalainisha wateja, na Jumapili aliisikilizia santuri zake mwenyewe. Katika mali yake yote, ndiyo pekee isiyokuwa na uongo.

"Naomba niitazame vizuri, Daktari," alisema, mkono umeshafika kwenye herufi za dhahabu.

"Usiiguse, fundi. Ina moto."

Masikio akarudisha mkono. Maneno hayo alikuwa akiwaambia wateja kila siku ili wasichunguze sana, na kuyasikia kwa mwingine kulimfurahisha. Huyu, alijisemea, ameiva.

Kuna jambo Masikio hakuwahi kumwambia mteja yeyote. Valvu ya aina hiyo haigusi muziki wenyewe. Kazi yake ni kunyoosha umeme wa ukutani tu. Lakini watu wazima, na vyeti vyao, hukaa mbele yake wamefumba macho na kusema pumzi za mwimbaji zimebadilika.

Wakasikiliza ya dhahabu. Masikio akazima, akasubiri ipoe kidogo, akaichomoa kwa kitambaa na kuweka yake ya kwanza. Alipowasha, kidole kilipita kwenye kitufe cha sauti na kukisogeza unywele mmoja. Ujuzi wake wote ulikuwa hapo, maana chenye sauti zaidi huonekana kitamu zaidi.

"Mbona kama umeongeza sauti?" aliuliza mke wa daktari, aliyekuwa akikunja nguo kochini.

"Ni valvu hiyo, dada. Inafungua kifua."

"Haya."

Daktari akatikisa kichwa. "Hii inakwaruza." Ya pili akasema ina mafua. Masikio akabaki na kisanduku cha bati mkononi. Alisita. Kweli alisita, na tumhesabie hilo katika sifa zake, kwa kuwa hazitakuwa nyingi. Kisha akaitazama tena dhahabu ile, akafungua pamba.

Wimbo ulipoanza, daktari alifumba macho. "Hapo sasa."

"Yako imechoka, Daktari. Siku ikipasuka humo ndani, amplifaya yote kwaheri. Nikuachie hii, mimi nikakutupie hiyo mbovu. Wala sikudai kitu."

"Nilipewa na shemeji yangu. Nimeizoea."

"Hata jino bovu mtu hulizoea," alisema Masikio, na daktari akacheka mpaka akakubali.

Masikio alifika nyumbani karibu akikimbia. Dada yake, anayewapaka watu rangi ya kucha, alikuwa barazani akipanga chupa zake. Masikio akafungua kitambaa. Valvu ilikuwa imepoa. Akaipitishia kidole gumba taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto, na kidole kikarudi kina dhahabu.

Dada akaichukua na kuigeuza. "Kaka, si rangi yangu hii? Ile chupa iliyopotea?"

Akamwaga dawa ya kufutia kucha kwenye pamba, akafuta. Ikabaki herufi ya mwisho tu, iliyopinda mguu. Masikio akaijua. Alipiga chafya wakati akiichora, miaka minne iliyopita, na valvu akamuuzia wakili mmoja aliyekuwa na haraka. Akakaa chini.

Simu ikaita. Alikuwa daktari.

"Fundi, ile mbovu umeshaitupa?"

"Bado."

"Usiitupe. Shemeji yangu, yule wakili uliyemuuzia, alitaka imrudie mwenyewe. Mimi natia watu meno ya dhahabu mwaka wa ishirini sasa. Rangi ya kucha naitambua nikiwa mlangoni."

Masikio angeshtaki nini, na kwa nani? Kilichomuuma si hasara. Ni kisanduku cha bati kilichokuwa mfukoni kikiwa na pamba tupu, na marehemu fundi wake, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu hata kwa senti.

Nyuma ya sauti ya daktari santuri ilikuwa ikiendelea. Masikio alibana simu sikioni. Yeye, aliyejua kuliko wote kwamba kitu kile hunyoosha umeme tu, alisikia pumzi za mwimbaji, akaapa moyoni kwamba angeitambua valvu yake popote.

"Haya, fundi, siku njema."

"Daktari, usikate."

"Kuna nini?"

"Acha wimbo uishe."