Uzinduzi wa Jumba la Maneno, Skelbeck

Halifax, Kanada, 9 Oktoba 1987. Ni mwaka wa arobaini na moja tangu bonde letu la Skelbeck, kule Yorkshire, lizamishwe chini ya bwawa ili miji ipate maji, nasi tukatawanyika. Dada yangu Hannah, aliyebaki jirani akikusanya maneno ya wazee kwenye kadi, amenirekodia kwenye kaseti hotuba ya Mwenyekiti wa Halmashauri, Bwana Cuthbert Raine. Naiandika kama alivyoitoa, na sauti za ukumbini naziweka kwenye mabano.

"Mheshimiwa Meya pamoja na mkufu wako wa dhahabu, Baba Kasisi, Bibi Mwenyekiti wa Chama cha Akina Mama, madiwani wenzangu, mshindi wa maonyesho ya kondoo dume, mabibi na mabwana: kama mnavyofahamu, mimi binafsi, kwa maono yangu, ndimi niliyeagiza mchakato shirikishi wa kubaini chimbuko la maneno ya bonde hili, tukianza na neno 'window', yaani dirisha, ambalo kamati yangu ndogo imethibitisha kwa asilimia tisini na nne kwamba tuliachiwa na Warumi, watu wa barabara na mabafu, watu wa hadhi yetu. (Makofi, safu ya mbele.)

(Hannah: 'Warumi walisema fenestra, Cuthbert. Hili tulipewa na Waviking: vindauga, jicho la upepo, lile tundu la kwenye paa. Kabla yao Waingereza walisema tundu la jicho, neno hilo likafa. Yote yamo kwenye kadi zangu.')

Namshukuru Bi Hannah Alderson, ila Waviking walichoma makanisa, na Halmashauri yenye mkakati endelevu wa utalii haiwezi kuweka wachomaji kwenye kipeperushi. (Kicheko. Hannah: 'Ndio waliolipatia shamba lako jina.') Hivyo basi Jumba la Maneno, lenye orofa mbili na wageni elfu moja na mia moja kwa wiki kwa makadirio ya wataalamu, litahifadhi kila neno la wazee wetu, na hilo, niseme bila majivuno, halijafanywa na mwenyekiti yeyote kabla yangu.

(Hannah: 'Masanduku yangu kumi na manne ya kadi niliyowakabidhi yako wapi? Wazee walionipa maneno hayo wameshakufa wote.' Mwenyekiti anakohoa.)

Naelekea huko, Bi Alderson. (Hannah: 'Elekea basi. Nilikufundisha kusoma, najua ukikwama unavyokohoa.' Kicheko kirefu.)

Bonde moja, asili moja! Neno ni maendeleo! Namaliza kwa kuwashukuru vijana wetu wa stoo, ambao, kwa kuwa Jumba halijawahi kuwa na kiwanja wala mchoro, na kamati niliyoitaja bado haijateuliwa, walionyesha ubunifu kwa kupeleka masanduku kumi na manne ya karatasi chakavu kwenye kiwanda cha kusaga karatasi mwezi Juni. Chai iko tayari." (Makofi, safu ya mbele.)

Mwisho wa kaseti Hannah ananiambia: "Njoo, Wilf. Tuanze upya kwa yale tunayokumbuka sisi wawili."

Nimemjibu kwamba yangu nitayatuma kwa posta, na leo nimetuma maneno hamsini. Mimi sitarudi.