Faili la Chambo

Jumatatu, 9 Juni
Nafasi ya mkuu wa masjala iko wazi. Tunaigombea wawili, mimi na Miwani wa meza ya dirishani. Alhamisi kila mmoja ataonyesha mpango wake kwa Bosi. Wangu umenichukua miezi mitatu. Leo kompyuta imeanza ukorofi. Fundi kasema kesho ataingia ndani yake kwa mtandao, akiwa huko huko kwake. Mimi nikae tu nitazame. Nikae tu! Fundi mwenyewe ni shemeji yake Miwani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 10 Juni
Mpango wa kweli nimeuficha kwenye kabrasha la picha za harusi ya binamu. Mahali pake nimeweka wa uongo, "MPANGO MUHIMU SANA": majalada yote yapangwe kwa uzito, mazito chini, mepesi juu. Miwani akiuiba, ataumbuka.

Saa nne fundi kaingia. Kipanya kikawa kinatembea chenyewe kwenye skrini. Mara pakatokea kisanduku: faili linahamishwa. Ni lile lile. Mwizi nimemwona kwa macho yangu. Kisha akapiga simu, sauti ya upole. Eti diski ni mbovu, itabidi aifute yote. Je, kuna kingine cha kuokoa zaidi ya hilo faili muhimu? Danganya toto. Analitafuta la kweli. Nikamjibu hakuna, afute tu.

Jumatano, 11 Juni
Kompyuta inakwenda vizuri. Harusi ya binamu haipo. Nimetafuta mpaka kwenye droo. Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba nimeibiwa. Akauliza kama fundi hakuniuliza kwanza. Sijui huyu naye yuko upande wa nani.

Alhamisi, 12 Juni
Nilikusudia kueleza mpango kwa kichwa. Kumbe fundi alishalituma faili langu kwenye kompyuta ya chumba cha mkutano, eti kunisaidia. Likawaka ukutani: mazito chini, mepesi juu. Bosi akauliza mizani tutanunua wapi. Miwani akainamisha kichwa. Alicheka, naapa. Nafasi kapata yeye. Nimeumia, siwezi kuficha.

Ijumaa, 13 Juni
Miwani kaniomba niwe msaidizi wake. Ana lake jambo. Fundi naye kaja mwenyewe kuniwekea diski ya pembeni, itakayonakili mafaili yangu yote kila jioni nisije nikapoteza tena. Nimemshukuru sana. Alipofunga mlango tu, nikaichomoa.