Malalamiko Dhidi ya Kadi za Odette

Lewiston, Maine

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu Bi. Haldane,

Pokea salamu zangu wewe na walimu wako wote, isipokuwa Bi. Pruitt, ambaye ndiye chanzo cha barua hii.

Mimi ni Wilfrid Thibodeau, babu yake Odette wa darasa la kwanza, yule mtoto mwenye usonji asiyetamka maneno. Tangu Bi. Pruitt ampe kadi za picha ili aonyeshe anachotaka, nyumba yangu imeharibika. Nathibitisha:

1. Supu. Miaka yote nimewatangazia watu kwamba Odette anaipenda supu yangu ya njegere. Hakuwahi kupinga. Siku ya kwanza ya kadi alinipa picha ya bakuli, akaibandikia juu alama nyekundu ya "sitaki". Mke wangu Lucille alicheka hadi akashika meza. "Pole, mzee! Hebu na mimi niazime hiyo kadi."

2. Hoki. Nikiwasha televisheni, naletewa picha ya mtoto aliyeziba masikio. Sasa natazama bila sauti, wachezaji wanapigana kimya kimya kama samaki.

3. Kanisa. Jumapili, Padri Gagnon ndiyo kwanza anaanza kunogewa na mahubiri, Odette alitoka kwenye benchi akaenda hadi mbele na kumkabidhi kadi ya "imekwisha". Padri akaitazama, akasema, "Amina." Watu wakaenda kunywa kahawa. Wengine walimpa mtoto mkono! Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa, jambo linaloonyesha jinsi madhara yanavyosambaa.

4. Binti yangu Renée, mama wa mtoto, naye ameambukizwa. Juzi nilikuwa namweleza, kwa upole, kwamba mtoto anayelia na kujigonga kichwa ukutani anahitaji ukali tu. Akaniinulia kadi ya "subiri".

Nikamwuliza, "Unaniziba mdomo, mimi baba yako?"

"Baba, tangu apate kadi umemwona akijigonga? Alikuwa anatuambia kitu siku zote, na sisi tunamfokea tu."

Hilo naliruka, kwa kuwa halihusiani na supu.

Kwa hiyo naomba kadi zote zirudishwe shuleni, abakiziwe mbili tu: "ndiyo" na "asante". Wanangu niliwalea kwa maneno hayo mawili na sikupokea lalamiko hata moja.

Nisalimie wapishi, dereva wa basi, na Bi. Pruitt pia, lakini kidogo.

Wako katika kutetea amani ya nyumbani,
Wilfrid Thibodeau

Nyongeza: Juzi, nilipokuwa nabandika stempu, Odette alinivuta shati akanipa kadi mpya, picha ya mzee mwenye kipara. Nikamwita Lucille: "Huyu nani tena? Mtoto anataka nini?"

"Ni wewe, mzee. Anakutaka wewe."

Mtoto huyu hajawahi kuniita. Siku zote nilikuwa najitokezea tu, nitakwe nisitakwe. Tulikaa wawili chini ya meza, alikonivuta, ameniegemea gotini, mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyethubutu kutuita. Barua naituma hivyo hivyo kwa sababu stempu imeshanata, ila tafadhali usiifuate. Hiyo kadi ya kipara imeanza kuchakaa pembeni kwa kushikwashikwa. Mwombe Bi. Pruitt atume nyingine. Hata mbili.