Sehemu ya Pili Haifutwi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Tusi! Tusi kubwa, hapa hapa Ruangwa mjini!

Nimefunga meza yangu ya kutengeneza simu mapema, nikaenda banda la gemu la Masoudi kucheza Ngome ya Chumvi, sehemu ya pili. Masoudi kaniambia, bila hata haya, kwamba Jumamosi anaifuta. Mashine imejaa. Anataka nafasi ya gemu jipya la mpira, maana vijana wakitoka kuishangilia Namungo wanataka waendelee kufunga mabao kwenye televisheni. Na sehemu ya pili, anasema, haina mchezaji.

Nikamuuliza mimi ni nani, mbuzi? Akasema mimi si mchezaji, mimi ni mfiaji.

Kweli nakufa. Lile ni gemu la kufa. Sehemu ya kwanza watu wanaisifu mpaka leo: ngumu, ila ya heshima, adui anakuja mmoja mmoja. Sehemu ya pili wanakuja kundi, na ukifa, daraja ulilovuka linavunjika. Unazunguka upya kwenye tope. Watu wanaita uonevu. Mimi naita ukweli! Maishani nani anasubiri zamu yake ya kukupiga? Na mtu aliyesafiri barabara ya Nachingwea masika analalamikia tope gani?

Haifutwi.

Jumanne, 10 Juni

Nimetuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wacheza gemu wa Ruangwa na Nachingwea. Mrefu. Wenye hoja. Aliyejibu ni Leah peke yake.

Leah ni binti wa wafugaji waliohamia Narung'ombe kutoka kanda ya ziwa. Asubuhi anauza maziwa sokoni, baadaye anakaa kwa Masoudi na kuwanyamazisha wanaume. Ndiye pekee kati yetu aliyemaliza sehemu ya kwanza. Kaandika: "Fundi, sehemu ya pili niliiacha kwenye daraja la kwanza. Mbovu." Vidole gumba vikamiminika. Hata Titus wa Nachingwea, ambaye simu yake niliifufua mimi!

Damu ikanipanda. Nikaandika kwamba Jumamosi, mbele ya watu, nitamuua Malkia wa Kinamasi, bosi wa mwisho. Nikishinda, gemu linabaki. Masoudi kakubali haraka mno. Sikupenda alivyokubali.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Malkia kaniua. Kaniua tena kabla sijachomoa upanga. Masoudi kaniletea mto wa kukalia.

Nyumbani mama kauliza kwa nini vidole vimevimba. Nikasema kazi. Akasema kama napenda kazi hivyo, niende Naipingo nikamsaidie mjomba kuvuna ufuta. Nikajifanya nasinzia.

Alhamisi, 12 Juni

Nina mpango. Mpango safi!

Nyuma ya banda kuna pazia linalotenga stoo, limechakaa, lina matundu ya kuchungulia televisheni. Pedi za kuchezea za Masoudi hazina waya. Leah atacheza nyuma ya pazia. Mimi nitakaa mbele na pedi iliyozimwa, nikitikisa mabega.

Nimemfuata sokoni. Kacheka mpaka mteja wa maziwa akaondoka. Kisha akauliza, "Unahangaika hivi kwa nini, kaka Bakary? Gemu tu hilo."

Nikamwambia ukweli, kwa bahati mbaya. Kwamba mchana kutwa watu wananiletea simu zilizovunjika na kunifokea kana kwamba nilizivunja mimi. Kule kwenye kinamasi nikianguka, hakuna anayeniuliza kwa nini.

Kafunika ndoo yake ya maziwa. Halafu akasema sawa, atanisaidia, lakini kwanza aicheze mwenyewe, ajue anatetea nini. Mwanamke mgumu!

Ijumaa, 13 Juni

Leah yuko bandani tangu alipomaliza maziwa. Nimepita kama mtu mwenye shughuli zake. Anazunguka kwenye tope, halalamiki. Kaniambia ile njia ndefu ina mambo: kisima, kipofu anayeuza mishale, ngoma inayosikika chini ya maji. Sijawahi kuviona. Huwa napita mbio.

Nikamwambia nilimwachia avigundue mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Watu wamejaa! Titus kaja na bodaboda kutoka Nachingwea kuniona nikiaibika. Nimekaa. Nimetikisa mabega. Shujaa kamzunguka Malkia kama anacheza ngoma. Watu wakaacha kucheka, wakaanza kushangilia. "Fundi! Fundi!" Sijawahi kuitwa hivyo bila mtu kudai simu yake.

Nikasahau. Nikasimama, nikawageukia, nikaanza hotuba kuhusu uonevu na ukweli, mikono yote miwili juu. Pedi iko kwenye kiti. Shujaa anaendelea kupigana.

Watu wakatazama pedi, wakatazama televisheni.

Malkia akaanguka, na nyuma ya pazia mtu akapiga vigelegele. Masoudi akavuta pazia.

Nimezomewa kuliko mwamuzi! Leah ndiye aliyewanyamazisha. "Fundi ni mwongo," akasema, "ila kuhusu gemu hajakosea. Mimi niliiacha kwa sababu nilitaka iwe ile ya kwanza. Siyo ile. Ukiacha kukimbia, utaiona ni nzuri."

Basi! Hayo tu! Masoudi kafuta gemu la magari badala yake.

Jumatatu, 16 Juni

Foleni mpaka barabarani. Wote sehemu ya pili! Titus kaweka picha ya Malkia kwenye WhatsApp yake. Leah anawaelekeza watu kisima kilipo. Masoudi kaniambia nisubiri zamu. Mimi!

Nimefikiri kwa kina. Sehemu ya pili inasifiwa kupita kiasi. Laini. Ya watu wote. Malkia sijamuua bado, lakini ni kwa kukosa hamu.

Nimesikia Nachingwea kuna mtu ana diski ya sehemu ya tatu. Kila aliyeigusa anailaani. Mwenyewe anaitumia kuinulia mguu mfupi wa kabati. Papo hapo nikaliandikia kundi kwamba hiyo ndiyo bora kuliko zote, haijaeleweka tu, na niko tayari kuithibitisha mbele ya yeyote.

Leah kauliza kama nimewahi hata kuiona.

Swali la ajabu. Ndiyo kwanza napanda bodaboda kuifuata.