Mkate wa Kumimina Wapanda Treni

Jumatano, 16 Julai

Mambo yameharibika. Na yameharibika kwa sababu ya wema wangu mwenyewe!

Leo wafanyabiashara wa Mchangani, hapa Unguja, tumekutana nje ya duka langu la vifungo kupanga safari ya Dodoma. Boti Ijumaa asubuhi, treni ya umeme jioni, Jumamosi tamasha la vyakula vya mikoa. Kila meza itapika chakula kimoja mbele ya watu. Nikapendekeza tupeleke pweza, apike Mabrouk wa duka la mabegi, maana nilitaka anuke pweza siku mbili. Mwalimu Bashira, ambaye anakuja na shangazi yake, akasema hapana. Tupeleke mkate wa kumimina, na apike Bwana Zahor.

Bwana Zahor ndiye mie.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu. Ramadhani nzima nilimpelekea Bashira futari. Sahani, kawa juu, mkate ndani, hiliki inanukia mpaka ngazini. Nikamwambia napika mwenyewe. Uongo! Anapika Bi Jokha, jirani yangu wa ghorofa ya chini pale Michenzani. Mie nilikuwa nabeba tu. Lakini Bashira aliwahi kusema, anachagua vifungo dukani kwangu, kwamba mwanamme anayejua jiko yeye humheshimu. Ningefanyaje? Nina miaka hamsini na mbili, nyumba kimya, na huyu mjane akiingia dukani nasahau bei za vitu. Nataka kumuoa. Mabrouk naye anamtaka, wala hajifichi. Tangu Idi anamtengenezea zipu za mikoba bure.

Mabrouk kasema ana hamu kubwa ya kuniona napika. Hasidi mkubwa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeshuka kwa Bi Jokha. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaniambia nimuombe radhi mchele wake wa Ramadhani nzima. Nikamuomba. Mpango wangu ni mwepesi. Yeye achanganye kila kitu leo, mie huko nimimine tu kwenye sufuria nionekane fundi.

Akasaga mchele na tui, akatia sukari na hiliki, akajaza dumu. Hamira akanipa mkononi. Kaniusia mambo matatu. Kwanza, dumu likae kwenye barafu safari nzima. Pili, hamira nitie asubuhi ya kupika, si kabla. Tatu, moto uwe mdogo chini mpaka mkate ushike, ndipo nifudikize sufuria juu ya makaa, mkate uangalie moto, uso upate rangi. Nikifudikiza kabla haujashika, akasema… Hapo sikusikia vizuri. Nilikuwa nawaza nivae kanzu gani.

Usiku nimefikiri kwa akili yangu mwenyewe. Bashira akiniona nahangaika na pakiti ya hamira mbele ya watu, si nimekwisha? Bora nitie sasa hivi. Nimetia pakiti nzima. Kisha nikatia ya pili, kwa vile safari ndefu. Kifuniko nimekikaza kwa nguvu zangu zote.

Kasha la barafu lina nafasi ndogo. Kanzu, kofia ya kiua na chupa ya udi vimeenea vizuri. Dumu litakwenda kwa miguu.

Ijumaa, 18 Julai

Naandikia hotelini Dodoma. Baridi. Nanuka tui.

Upepo wa kusi ulikuwa mkali na boti ikatuchezesha. Nilitapika toka bandarini Malindi mpaka Dar bila ya kupumzika. Mabrouk alikaa kando ya Bashira anakula kashata! Kila nikiinua kichwa namuona anatafuna. Shangazi yake Bashira kanipa ndimu ninuse, akaniuliza kama nimezaliwa Unguja kweli. Nikasema nimekula kitu kibovu.

Dar tukasali Ijumaa. Dumu nililiacha uani msikitini, juani. Nilipotoka nikaliona limenenepa. Nikajipongeza: mali inakua!

Treni nzuri, sina la kusema. Inakwenda mbio na chai haitikisiki. Dumu likaanza kutoa sauti tulipopita Morogoro. Ssss. Ssss. Watu wakatazamana. Kwa hekima nikalisukuma kwa mguu mpaka nyuma ya kiti cha Mabrouk, ili likiwa na harufu ionekane yake. Nikafumba macho kama nimelala.

Likapiga! Paa! Wallahi nilidhani gurudumu. Kifuniko kiligonga juu kikarudi kwenye chai ya abiria wa mbele. Uji mweupe ukaruka kama maji ya bomba lililopasuka, wote mgongoni na kichwani kwa Mabrouk. Mtoto mmoja akapiga makofi. Mhudumu akaja na mopu akauliza nini hiki. Behewa zima likanitazama mie, sijui kwa nini.

Nilitazamia Mabrouk atake kunipiga. Ningefurahi. Bashira angemuona alivyo. Lakini yule mtu akajipangusa ndevu, akaonja kidole, akasema sukari iko sawa. Watu wakacheka. Bashira akampa kitambaa chake. Chake mwenyewe, chenye maua! Laiti lingenipasukia mie.

Bashira akaniuliza kwa sauti ya darasani kwa nini hamira imetiwa kabla ya safari. Nikamjibu huu ni mkate wa safari, namna ya wazee wetu, siku hizi watu wamesahau. Akasema aha. Hiyo aha sikuipenda.

Nusu ya dumu imebaki. Inatosha. Nimeinusa, ina ukali kidogo. Kesho nitazidisha sukari.

Jumamosi, 19 Julai

Ya Rabbi, nisitiri.

Nilivaa kanzu, nikajipaka udi, nikasimama nyuma ya jiko la mkaa kama mwenye nyumba. Meza ya jirani kina mama wa Kigogo walikuwa na ugali na mlenda, wakanisalimia vizuri. Watu wakajaa. Mabrouk kajitolea kushika kipepeo cha moto. Nikamwambia sihitaji. Akashika.

Nikamimina. Mpaka hapo fundi kabisa. Mshereheshaji akaja na maikrofoni, akatangaza kwa spika zote kwamba sasa tunamshuhudia bingwa kutoka Zanzibar. Bingwa! Nikamtazama Bashira. Alikuwa anatabasamu. Nikaona nisiwachoshe watu kwa kungoja. Nikashika sufuria kwa matambara mawili, nikasema bismillahi, nikafudikiza.

Wote ukaanguka. Wote! Pwaa, ndani ya makaa. Moshi, majivu, harufu ya sukari inayoungua, mama mmoja anakohoa. Nikabaki nimeshika sufuria tupu kichwa chini. Mshereheshaji, Mungu amsamehe, akanisogezea maikrofoni akaniuliza hatua hii inaitwaje.

Sijui nini kilinipata. Nilitaka kusema ni mkate wa majivu, wa wazee wetu. Mdomo ukafunguka ukasema mwenyewe: sijui kupika! Sijapata kupika hata yai! Mkate ni wa Bi Jokha, Ramadhani nzima ulikuwa wa Bi Jokha! Spika zikapeleka mpaka barabarani. Kina mama wa Kigogo wakaniambia pole, baba. Nilitamani treni ije inichukue palepale.

Hapo Bashira akafunga mtandio vizuri, akainama chini ya meza, akatoa bakuli la mchele ulioroweka. Umerowekwa tangu usiku! Na nazi mbili. Na mbuzi ya kukunia! Akaazima mashine ya kusagia kutoka meza ya jirani, akaniambia nikae nikune. Nikakuna. Mabrouk akapepea. Mkate ukachelewa kuumuka kwa baridi, watu wakangoja na hawakuondoka. Alipofudikiza yeye haukudondoka hata tone. Ulitoka rangi nzuri, ukaliwa ukaisha, na mie nikapewa kipande cha pembeni.

Niseme kweli, kukuna nazi nilikupenda. Lakini walivyosimama wale wawili jikoni, huyu anapepea, huyu anageuza, walipendeza. Roho iliniuma sana, nikaenda kulala mapema.

Jumapili, 20 Julai

Sijui nianzie wapi!

Kwenye treni nilikaa peke yangu. Kwenye boti nikaenda nje nyuma, nitapike kwa heshima. Bashira akaja na shangazi yake, shangazi akakaa mbali kidogo akajifanya anatazama simu. Bashira akaniambia alijua tangu kumi la kwanza la Ramadhani. Hiliki ya Bi Jokha mtaa mzima wanaijua. Alinichagua mie nipike ili aone nitakimbilia wapi. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa anarudisha sahani na sambusa ndani, kila siku. Akasema alikuwa anasubiri niseme.

Nikamwambia namtakia heri na Mabrouk. Akashangaa. Mabrouk ni mtu mwema, akasema, na ameshamwambia mara mbili hapana. Yeye hana haja ya mpishi, kupika anajua. Marehemu mumewe alikuwa mkweli, na kinachomkosesha usingizi siyo upweke, ni kuja kukaa na mtu ambaye yeye hawezi kumuamini. Jana kwenye spika amesikia neno la kweli kutoka kwangu, la kwanza, na likampendeza. Kama nikiweza kuendelea hivyo, dada yangu Muzna aende Mkokotoni kwa kaka yake Bashira, Haroub, azungumze. Lakini uongo mmoja, hata mdogo, basi. Asinione tena mlangoni.

Nikalia. Nikasema ni upepo. Akanitazama. Nikasema hapana, nalia.

Nimeapa. Kuanzia leo ni Zahor mwingine.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi nimemwambia mteja vifungo vile vitachuja rangi. Hakununua. Sijali!

Muzna kaenda Mkokotoni, kapokewa vizuri, kanywa chai kwa mkate wa boflo na samaki wa kukaanga, karudi na uso wa furaha. Alhamdulillahi! Haroub hana neno. Ila anataka kunijua mwenyewe, na jioni akanipigia. Mtu mzito, anavua na ana mashua yake. Akasema kwao mwanamme hujulikana baharini. Jumamosi twende wote tukavue, nje kidogo ya Tumbatu. Akauliza kama bahari nimeizoea au inanisumbua.

Nikamwambia nimezaliwa na mshipi wa kuvulia mkononi.

Jumanne, 22 Julai

Nimefikiri usiku kucha na roho imetulia. Masharti ya Bashira yalikuwa nisimwambie yeye uongo. Kaka hakutajwa. Tena jambo la samaki ni la wanaume, yeye halimhusu.

Mpango ni mwepesi. Nimepata simu ya muuza samaki wa palepale sokoni Mkokotoni, anaitwa Ubwa, mtu wa adabu sana. Nimemuagiza changu watatu, wakubwa, wabichi, Jumamosi alfajiri. Nitawatia kwenye mfuko ndani ya koti. Tukifika mbele, Haroub akigeuka tu, nachomeka mmoja kwenye ndoana na kupiga kelele.

Ubwa akaniuliza samaki wa nini, na mbona wasipasuliwe. Nikaona bora nimwambie, ili achague wanaofanana na waliotoka majini sasa hivi. Akauliza naenda baharini na nani. Nikamtajia Haroub, shemeji yangu mtarajiwa. Akauliza kama ni Haroub wao, huyu wa mashua, nikasema ndiye. Kisha akacheka mpaka simu ikakatika.

Watu wa kaskazini wachangamfu mno. Nimeshawapenda.