Karavani la Muatasim na Kahawa Yangu

Jumatatu, 12 Januari 2026

Nisamehe, daftari. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa na mimba ya Yazeed. Leo Yazeed ana meno sita na yote anayatumia kwangu.

Sasa lipo la kuandika. Kaka yangu Muatasim kaniachia karavani lake hapa Ibra: gari lenye vitanda, jiko na choo. Choo ndicho nilichokitaka. Mama tangu apasuliwe goti hajavuka geti. Kila nusu saa ahitaji choo cha kukaa, na njiani ni vya kuchuchumaa. Juzi kaniambia anataka kuiona bahari kabla hajaisahau harufu yake. Basi. Ijumaa tunakwenda Sur. Jumamosi mchana karavani lina wateja Bidiyah, wa kulala mchangani. Siku ni hiyo moja.

Muatasim kaacha onyo: betri ya pili imekufa, kwa hiyo taa, birika na injini vyote vinakula betri moja. Nikasema nimesikia. Nimesikia kweli.

Jumanne, 13 Januari

Baridi! Digrii tisa. Nimejaribu injini. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Wifi yangu Ghanima, dada wa mume wangu, jirani yetu ukuta kwa ukuta, alikuwa barazani akitazama. Ana Prado, ana waya za kubusti betri, na ana maoni. Kauliza kwa upole kama sanduku hilo litakaa mlangoni kwake mpaka Ramadhani. Nikamjibu nalipumzisha. Afadhali nilisukume mpaka Sur kuliko kumwomba yeye.

Nikamwita Ba Soud wa nyumba ya tatu, na pikapu yake. Waya nyekundu huku, nyeusi kule, dakika tano: injini ikanguruma. Mtu kama huyo utamwacha aende zake hivi hivi? Lakini Wadhah, mume wangu, yuko kazini Maskati, na mwanamume hakaribishwi ndani mwenye nyumba hayupo. Akili yangu ikafanya kazi. Karavani! Mlango wazi, mbele ya watu, Mama kakaa ndani na mkongojo wake. Heshima tupu.

Nikazima injini, maana mgeni hakirimiwi kwenye ngurumo. Nikawasha taa, hita, birika la umeme. Kahawa, tende, mkate wa kumimina. Ba Soud kauliza habari za jamaa zangu wote, mpaka wa Manah. Kwenye kikombe cha tatu ndipo alipokitikisa, kuwa yamtosha.

Alipoondoka nikageuza ufunguo. Tk.

Jumatano, 14 Januari

Leo nimetumia akili. Nimemwita fundi khasa, Mahrous. Gari likawaka mara moja. Kasema betri haina ubaya, inataka gari litembezwe nusu saa tu bila kuzimwa, ijae. Kalisema mara mbili, la pili sambusa ikiwa mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimeshazima na kumkaribisha. Lakini taa niliwasha nusu! Mimi si mjinga.

Tk.

Ghanima yuko barazani na kikombe chake. "Azza," kaniita, "hilo gari linasafiri au linapokea wageni?"

Nikajifanya Yazeed analia. Yazeed, mwanangu wa pekee, akacheka.

Alkhamisi, 15 Januari

Ba Soud kaenda harusini Al Qabil. Mahrous kaitwa Nizwa. Wadhah kapiga simu: zamu, haji mpaka Jumapili. Vizuri sana.

Mama kafunga mkoba wake tangu alfajiri. Nikamkuta kakaa kwenye kidaraja cha kupandia karavani, viatu mguuni. Kaniambia nisijisumbue, bahari haiendi popote, labda mwakani. Akainama avivue. Goti halimruhusu kuinama, na bado kainama.

Nikamfunga tena kamba za viatu. Nikamwambia atavivua Sur, na sitaki kusikia habari za mwakani.

Ijumaa, 16 Januari

Hila mpya: nimempeleka Mama akamwamkie Ghanima, na katikati ya maamkizi aitaje betri, kama jambo lake mwenyewe. Mimi simo kabisa.

Ghanima katoka na waya shingoni. Kaisogeza Prado yake. Kafungua boneti, kabana waya, kaniashiria. Likawaka. Mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo, maana birika nilikuwa nimeshalijaza. Akaubana kwa mkono wake.

"Kahawa yako siitaki. Tende zako sizitaki. Mpeleke mama yako."

Ujeuri gani huu! Alimsaidia Mama kupanda, akapiga ubavu wa gari kama anafukuza mbuzi. Niliudhika mpaka Al Kamil. Injini sikuizima hata mara moja, nilikuwa nimekasirika mno.

Sur tumefika kabla ya Asri. Mama kafungua mlango, kakaa na miguu nje. Nikamvua viatu. Akavuta pumzi, kisha akasema, "Kumbe ndiyo ile ile." Nikamshika mguu tu.

Jumamosi, 17 Januari

Jana jioni majirani zetu wa ufukweni, watu wenye asili ya Pemba, walituletea samaki wa kuchoma. Kiswahili kitamu. Sahani unairudisha tupu? Niliwaingiza wote wanane. Taa, hita, birika.

Asubuhi hii: tk.

Wateja wanasubiri Bidiyah. Muatasim kapiga simu mara tano. Mama kasema yeye hana neno, atalala tena leo, na viatu vyake kavisukuma chini kabisa ya kitanda.

Nimekaa nikatafuta kosa langu liko wapi, na nimeliona. Birika ni dogo. Lilichemka mara nne kwa watu wanane, betri gani itastahamili? Nimemwandikia Muatasim, na nanakili hapa asije akasema sikumwambia:

Ukipita Ibra niletee birika la umeme, kubwa kuliko hili. Vikombe vya kahawa sita. Tende za khalasi, kilo mbili. Nepi za Yazeed, namba nne. Dawa ya goti ya Mama, iko juu ya friji. Waya za kubusti. Na wifi Ghanima, lakini usimwambie kuwa ni mimi niliyemtaka.